UZI: Barafu ya Kibo na modeli za tabianchi – mraba wa kilomita 100 hauwezi kuuona mlima huu

Gridi_Ndogo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa kupotea kwa barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, unapozuka humu, watu hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza wanasema ni joto la dunia, basi. Wa pili wanasema ni miti iliyokatwa huku chini. Mimi nimelifuatilia jambo hili kwa upande wa kompyuta, yaani kuiga hali ya hewa ya mlima (ndiyo modeli) kwa gridi, yaani miraba ya hesabu, ndogo sana, na naona makundi yote mawili yanaruka hatua moja: unyevu unaofika kule juu. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Hali yenyewe kwanza. Ramani iliyotokana na safari ya watafiti Klute na Oehler mwaka 1912 inaonyesha barafu ya Kibo ikiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 12. Mtafiti Cullen na wenzake walipopima kwa picha za satelaiti za 2011 walipata kilomita za mraba 1.76. Yaani asilimia 85 imekwenda katika karne moja. Uwanja wa barafu wa kaskazini, ambao ndio mkubwa kuliko yote, uligawanyika vipande viwili mwaka 2012. Furtwängler, barafu ndogo iliyo jirani na kambi ya Crater Camp, ilishagawanyika kabla ya hapo.

Sasa njoo kwenye modeli. Modeli ya tabianchi ya dunia nzima huikata dunia miraba, na kila mraba hupewa joto moja, mvua moja, upepo mmoja na mwinuko mmoja. Modeli nyingi za aina hii zina miraba ya upana unaokaribia kilomita 100. Weka mraba kama huo juu ya Kibo: ndani yake mtaingia Moshi mjini, migomba ya Machame, Rombo yote, na mbuga za Amboseli upande wa Kenya. Vyote vinapigwa wastani. Ni sawa na kupima urefu wa familia nzima, mtoto mchanga akiwemo, kisha ukamshonea baba suruali kwa wastani uliopatikana. Kilele cha mita 5,895 hakipo tena, kinabaki kiinuko tu. Halafu mtu anachukua joto la mraba huo na kutuambia barafu itafanya nini!

Kinachofanyika badala yake ni kupachika gridi ndani ya gridi. Unaanza na miraba mikubwa inayofunika Bahari ya Hindi na Afrika Mashariki, ndani yake unaweka midogo zaidi, ndani yake tena midogo zaidi, hadi ile ya mwisho inayozunguka mlima wenyewe ikiwa na upana chini ya kilomita moja. Gridi ya nje inailisha ya ndani upepo, joto na mvuke kwenye kingo zake. Thomas Mölg na Georg Kaser, waliokuwa Chuo Kikuu cha Innsbruck, waliifanya kazi hii kwa Kibo na kuichapisha 2011: modeli ya hewa ikaunganishwa moja kwa moja na modeli ya barafu, bila kuweka katikati fomula ya takwimu ya kusahihisha. Walichotoa wakakilinganisha na vipimo vya kituo kinachojiendesha kilichosimikwa juu ya barafu ya Kersten, upande wa kusini, karibu kabisa na kilele.

Kwa nini udogo wa gridi ubadilishe jibu? Kwa sababu Kibo imesimama peke yake. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ikiukuta mlima ina njia mbili: ipande, au ipite pembeni. Ikipita pembeni, kilele kinabaki kikavu hata kama Moshi inanyesha. Ikipanda na kufanya mawingu marefu ya ngurumo, ndipo theluji inapofika juu. Ipi itatokea inategemea kasi ya upepo, jinsi tabaka za hewa zilivyotulia, na urefu wa mlima. Ukiushusha mlima hadi nusu ya urefu wake, hewa yote itapita juu bila shida na kompyuta itakupa mvua mahali ambapo haipo.

Na kule juu theluji ndiyo mwenye nyumba. Wastani wa joto la hewa kileleni ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa hiyo hewa peke yake haiyeyushi kitu. Anayekula barafu ni jua. Theluji mpya hurudisha sehemu kubwa sana ya miale, asilimia 80 na zaidi. Barafu kuukuu yenye vumbi hairudishi hata nusu. Ikija vuli nzuri ikaacha tabaka jeupe, barafu imepata ngao ya miezi kadhaa. Vuli ikikosa, jua linachimba barafu kwa miezi hiyohiyo. Na sehemu kubwa ya barafu hiyo wala haiwi maji, inageuka mvuke papo hapo kwa sababu hewa ni kavu mno. Kazi hiyo ni ghali: kugeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke kunahitaji megajuli 2.83, wakati kuiyeyusha kunahitaji 0.33 tu. Nishati ya kuvukiza kilo moja ingeyeyusha kilo nane. Kwa hiyo ukavu unailinda barafu isiyeyuke haraka, na ukavu huohuo unainyima theluji. Wastani wa joto la mwaka hauwezi kukuonyesha jambo hilo.

Msimamo wangu ni huu: ukitaka kujua tabianchi inaifanyia nini barafu ya Kibo, uliza kwanza Bahari ya Hindi inafanya nini na unyevu wake unapandaje mlima. Joto la dunia limo, tena sana, lakini mkono wake mmojawapo unapitia baharini. Karibuni.

---

Mzee_wa_Mfongo

Nimesoma yote, umeeleza vizuri kijana. Lakini sisi tuliozaliwa huku Kibosho tumeona kwa macho. Msitu ulikuwa unashuka karibu na vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, ukungu unatulia hadi saa nne asubuhi, na mlima mweupe. Miti ikakatwa, ukungu ukapungua, mlima ukawa mweusi. Unasemaje havihusiani? Na mifongo yetu, mifereji ya asili ya maji, inakauka. Maji yale si ya barafu?

---

Gridi_Ndogo

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki na ndilo lililopimwa hasa.

Mölg na wenzake walirudi kwenye modeli ileile na kuuliza hivyo hivyo: waliendesha hali ya hewa ya mlima mara moja kwa msitu ulivyokuwa miaka ya 1970, na mara nyingine kwa msitu uliobaki, kila kitu kingine kikiwa sawa. Hili ndilo jambo ambalo gridi ndogo inakuwezesha, kwa sababu kwenye mraba wa kilomita 100 ukanda wa msitu hauonekani kabisa. Walichapisha 2012. Mabadiliko ya msitu yanagusa mvua ya mlimani, kweli, ila mchango wake katika kupotea kwa barafu ni mdogo. Unyevu unaolisha theluji ya kilele unabebwa zaidi na mifumo mikubwa kutoka baharini kuliko na miti iliyo mita elfu tatu chini yake.

Na tazama tarehe, mzee. Barafu ilikuwa tayari inarudi nyuma Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889, na ramani ya 1912 inaikuta imeshapungua. Karibu mwaka 1880 maziwa ya Afrika Mashariki, Victoria likiwamo, yalishuka kina. Eneo lote lilipata ukavu wa ghafla, na Kaser na wenzake wanauona huo kuwa ndio ulioianzishia barafu ya Kibo safari hii ya kurudi nyuma. Wakati huo mashine za kupasua mbao zilikuwa bado.

Lakini kuhusu mifongo uko sahihi kabisa kuulilia msitu. Maji ya mlima si ya barafu. Barafu iliyobaki haifiki kilomita za mraba mbili, na nyingi inaishia hewani kama mvuke. Ukanda wa msitu ni kama kilomita za mraba 1,000, na mvua kubwa kuliko zote upande wa kusini hunyesha ndani ya msitu, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,200. Andreas Hemp, ambaye ameufanyia utafiti msitu huo kwa miaka mingi, ameonyesha pia kiasi cha maji ambacho miti inayakamata kutoka kwenye ukungu, na jinsi moto unavyoushusha mpaka wa juu wa msitu. Moto wa Oktoba 2020 na ule wa 2022 unauumiza Mto Pangani kuliko kupotea kwa Furtwängler. Sisemi hivyo kuidharau barafu. Nasema tusiombolee barafu tukaacha msitu unaungua.

---

Mzee_wa_Mfongo

Marahaba. Hapo kwenye ukungu tumeelewana.

---

Kiongozi_Barafu_Camp

Mimi ni muongoza watalii, mlima huu naupanda mwaka mzima. Nikupe nilichokiona ulinganishe na kompyuta yako.

Ukisimama pale kreta ukiitazama barafu ya kaskazini, ni ukuta. Umesimama wima kama nyumba ya ghorofa, una mistari mistari ya vumbi, na miguuni pake mchanga ni mkavu kabisa. Unaweka mkono, ubaridi unakata, lakini jua likiupiga ukuta unasikia matone. Hatua chache pembeni kwenye kivuli hakuna tone hata moja, na hewa ni ileile. Juu ya uwanja wa barafu kuna miiba ya barafu iliyochongoka, ukikanyaga inavunjika.

Jambo la pili: asubuhi anga ni safi. Ndiyo maana wageni tunawatoa usiku wa manane, wafike Stella, pale ukingoni mwa kreta, alfajiri. Ikifika saa tano, saa sita, mawingu yanapanda kutoka msituni, na mchana hata Mawenzi, kilele cha pili, huioni. Modeli inaliona hilo?

---

Gridi_Ndogo

Mkuu, aya zako mbili zina fizikia nyingi kuliko ripoti nyingi nilizosoma.

La pili ndilo rahisi. Ndiyo, gridi ya kilomita moja inaliona, na kubwa hailioni. Jua la asubuhi linapasha mteremko, hewa iliyo karibu na ardhi inapanda ikibeba unyevu wa msitu, mawingu yanafika juu adhuhuri, usiku hewa inapoa na kushuka tena. Na hilo linasaidia kueleza kwa nini upande wa magharibi umekuwa na barafu nyingi kuliko mashariki: upande wa mashariki unapigwa jua la asubuhi bila wingu, upande wa magharibi linapofika zamu yake mawingu yameshapanda.

Ukuta sasa. Hayo matone unayoyasikia ni jua lenyewe. Kuta nyingi zimeelekea kaskazini au kusini. Tupo nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapiga kuta za kaskazini katikati ya mwaka, na za kusini mwishoni na mwanzoni mwa mwaka. Theluji haikai kwenye ukuta wima, hivyo ukuta haupati malipo yoyote, unatoa tu. Ndiyo maana hata ukinyesha mwaka mzuri sana, juu ya uwanja patanenepa kidogo lakini kuta zitaendelea kurudi nyuma. Modeli ya hewa haiuoni ukuta, mkuu. Hapo inabidi uiunganishe na hesabu nyingine ya barafu yenyewe.

---

Fundi_wa_Namba

Nimekaa kimya, sasa naingia. Mleta uzi ameandika mazuri ila naona anaisifu gridi ndogo kupita kiasi.

Kwanza, gridi ya kilomita moja haioni vitu vya kilomita moja. Modeli kama WRF, programu ya kuiga hali ya hewa, inahitaji kama miraba saba ili iuchore mkondo wa hewa kwa uaminifu. Kwa hiyo kilomita moja maana yake unaamini vitu vya kilomita saba hivi kwenda juu. Kreta nzima ya Kibo haifiki hapo.

Pili, miteremko. Modeli hizi hulaza tabaka zake kufuata sura ya ardhi. Mteremko ukiwa mkali, tabaka zinainama mno, hesabu ya mgandamizo wa hewa inaingiza makosa, unapata upepo ambao haupo, au programu inakufa katikati ya usiku. Dawa ya kawaida ni kuulainisha mlima kabla ya kuanza. Yaani unanunua gridi ndogo ili uuone mlima, halafu unaupiga randa!

Tatu, kati ya kilomita moja na mita mia kuna eneo gumu: misukosuko ya hewa ni mikubwa mno kuachiwa fomula za makadirio, na ni midogo mno gridi kuiona yenyewe. Ukishusha gridi ukaingia humo, jibu linaweza kuharibika badala ya kuboreka.

Nne, gharama. Kila ukiipunguza gridi nusu, miraba inakuwa mara nne na hatua ya muda lazima iwe nusu. Mara nane. WRF inataka kama sekunde sita za hatua kwa kila kilomita ya gridi, na kwenye mlima mkali chini ya hapo. Kilomita moja juu ya Kibo unatembea kwa sekunde tatu tatu. Hesabu mwenyewe mwaka mzima una sekunde tatu ngapi.

---

Gridi_Ndogo

Fundi, yote manne nakubaliana nayo, na la pili ndilo linalonikera kuliko yote. Lakini ona, kwa barafu ya Kibo hatuhitaji kuuona kila mwamba. Tunahitaji mlima uwe na urefu unaokaribia wa kweli ili hewa ipande au ipite pembeni kama inavyofanya kweli. Hapo tofauti ya kilomita 25 na kilomita moja ni ya aina ya jibu. Kwenye kilomita 25 mawingu ya ngurumo yanakadiriwa kwa fomula, na fomula hizo zina tabia ya kunyesha mapema mchana, mvua ndogondogo kila mahali. Ukishuka chini ya kilomita nne au tano, wingu linajijenga lenyewe. Waingereza waliendesha Afrika nzima kwa gridi ya kilomita 4.5, na kunyesha kukasogea karibu zaidi na saa zake halisi.

Ila bila vipimo vya kule juu yote ni michoro tu. Ndiyo maana namheshimu sana Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, ambaye kituo chake kilisimikwa kwenye uwanja wa kaskazini Februari 2000. Fikiria nguzo iliyochomekwa kwenye barafu inayoshuka chini yake. Lazima mtu apande na kuisimika upya, la sivyo kipima umbali wa theluji kinapima kitu kingine. Na wanaobeba betri na vyuma hivyo ni wagumu, yaani wapagazi, wetu wa Moshi na Marangu. Namba zile zina jasho lao.

---

Nauliza_Tu

Samahani wakuu, mbona tuliambiwa itaisha 2015 hadi 2020? Ipo mpaka leo. Kwa nini tuamini hizi nyingine?

---

Gridi_Ndogo

Makadirio yale yalitolewa 2002 na Lonnie Thompson na wenzake, baada ya kuchoronga barafu ya Kibo mwaka 2000. Njia yake ilikuwa kuangalia eneo lililopotea toka 1912 na kuuvuta mstari mbele. Mstari haujui kwamba vuli ya 2006 ilileta theluji nyingi, wala haujui kwamba uwanja mpana wa kaskazini unaliwa kwa kingo zaidi ya katikati. Cullen na wenzake baadaye waliweka kabla ya 2020 kwa miteremko ya magharibi, karibu 2040 kwa barafu za juu na za kusini, na wakasema ni vigumu sana yoyote kubaki baada ya 2060. Shirika la Hali ya Hewa Duniani nalo limetaja miaka ya 2040 kwa Afrika nzima.

Wanapishana pia kuhusu umri. Thompson aliweka chini kabisa ya barafu kwenye miaka 11,700 hivi. Wengine wanasema barafu ya pale juu inaweza kuja na kuondoka kadiri unyevu unavyobadilika, na kwamba uwanja tambarare wenye kuta hauwezi kudumu muda wote huo. Mimi naegemea hawa wa pili, kwa sababu ya ukuta aliousimulia Kiongozi. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayesema itabaki.

---

Mtoto_wa_Beni

Salamu toka Kongo, Beni. Sisi tuko na Ruwenzori, siku mawingu yakifunguka tunaiona. Hii modeli ya Kibo inaweza kutumika kwetu, ao ni kitu kingine?

---

Gridi_Ndogo

Karibu sana ndugu. Programu ni ileile, mlima ni mwingine kabisa. Kibo ni kavu na iko juu mno. Margherita, kilele chenu kirefu kuliko vyote, ni mita 5,109 na hewa yenu ina unyevu karibu mwaka mzima. Barafu ya Ruwenzori iko karibu na mwinuko ambapo joto la hewa ni nyuzi sifuri, kwa hiyo joto likipanda kidogo tu, theluji inageuka mvua na barafu inayeyuka hasa badala ya kuvukia hewani. Kwenu joto la hewa lina sauti kubwa kuliko kwetu. Na Ruwenzori ni safu yenye mabonde, siyo mlima mmoja, kwa hiyo tatizo la miteremko alilotaja Fundi mtalilipia zaidi. Ukizidisha na ukungu unaoificha barafu kwa satelaiti, ninyi ndio mnaohitaji gridi ndogo na vituo kuliko mtu yeyote, na ninyi ndio mliofanyiwa kazi kidogo zaidi. Hilo linaniuma.

---

Binti_Fizikia

Kaka, nasoma shahada ya pili, nataka kuanzia hapa. Sina kompyuta kuu. Nianzie wapi?

---

Gridi_Ndogo

Dada, inawezekana. WRF ni ya bure. Data za kuilisha kingo, yaani ERA5, kumbukumbu za hali ya hewa iliyopita kutoka Ulaya, nazo ni za bure, zina gridi ya kilomita 31. Panga gridi nne: 27, 9, 3, 1. Ya nje ifunike bahari vya kutosha, usiibane, maana unyevu lazima uingie wenyewe. Kompyuta ya mezani yenye viini vingi itakupa siku chache za gridi ya ndani. Mwaka mzima utahitaji mashine za chuo.

Kabla ya kuendesha, fungua faili la ardhi ulitazame kwa macho. Angalia Kibo imepewa urefu gani baada ya kulainishwa. Angalia ramani ya uoto: ile inayokuja na programu ina miraba ya karibu mita 900, na vipande vya barafu vilivyobaki vinaweza kupotea au kuwekwa mahali ambapo barafu ilishaondoka. Rekebisha kwa mkono ukitumia picha mpya ya satelaiti. Washa pia hesabu ya vivuli vya mlima na mwelekeo wa miteremko kwa jua, bila hiyo mashariki na magharibi zitapata jua sawa.

Usianze na miaka mia ijayo. Chukua vuli ya 2019, bahari ya upande wetu ilipokuwa na joto na mvua ikavunja madaraja, na vuli ya 2016, mvua ilipokosa. Toa siku kadhaa kutoka kila moja. Tazama kitu kimoja tu: mvuke kwenye mwinuko wa kilele, mgandamizo wa karibu hektopaskali 500, unafika kutoka upande gani na unapanda au unapita pembeni. Ukipata tofauti inayoeleweka kati ya vuli hizo mbili, hapo una mwanzo wa tasnifu.

---

Fundi_wa_Namba

Na hatua ya muda weka sekunde mbili kwenye gridi ya ndani. Ikifa, laini mlima mara moja zaidi, siyo mbili. Ukikwama weka hapa ujumbe wa kosa wote, nitautazama.

---

Kiongozi_Barafu_Camp

Binti, ukihitaji picha za ukuta wa kaskazini zenye tarehe, ninazo za misimu mingi, asubuhi na mchana. Njoo PM.